Nyuma ya Kistari cha Rudaina

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wengi hudhani methali hii ni ya wapangaji na mabibi harusi: usiisifu nyumba kwa chokaa yake kabla hujalala humo usiku wa mvua. Ni kweli. Lakini iko nyumba nyingine, haina chokaa wala paa, inajengwa kwa herufi ndani ya kompyuta, nayo ina mlango wa wageni na ina jiko la ndani. Kijana mmoja wa mji wa Ain Jauza aliingia jikoni mwa nyumba kama hiyo bila kukaribishwa, na mji mzima ukala mchana wa Ramadhani. Asiyeamini na aende Ain Jauza akaulize, ila asiulize karibu na futari. Atarushiwa viatu.

Kampuni ya Abu Naufal ilikuwa na vyumba viwili juu ya tanuri la mikate, ndiyo maana watu walisema kila programu iliyotoka pale ilinukia zaatari, kiungo cha mikate. Mwaka ule kampuni ilipata kazi ya fahari. Mzee aliyekuwa akiulipua mzinga wa futari kwenye kilima cha kinu alikuwa amehamia kwa wanawe Akaba, na kamati ya mji ikataka mzinga mpya uwashwe na kompyuta: jua likizama, programu itoe amri, waya upate moto, baruti ilie, watu wafuturu. Siku ya majaribio ulilia kwa kishindo hata kuku wa mtaa wa chini wakataga mayai yaliyokwisha chemka. Hivyo ndivyo wenye kuku walivyosema, na mimi ni nani nimkanushe mtu na kuku wake?

Kuhesabu machweo ilikuwa kazi ya Rudaina, mwanamke wa makamo, mtaratibu kama maji ya mtungini, ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa mkufu. Kuuwasha mzinga, na kuonyesha muda uliobaki kwenye skrini kubwa ya uwanjani, ilikuwa kazi ya Kutaiba, mpwa wa Abu Naufal. Kutaiba alikuwa kijana mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa ulimi. Alikuwa akiandika programu kama mtu anayekimbiza basi.

Sasa, watunga programu wana desturi yao. Anayejenga kipande cha programu huwaachia wenzake mlango, yaani jina moja au mawili wanayoweza kuyaita wakajibiwa. Vyumba vya ndani, anakopikia hesabu zake, huvipa majina yanayoanza na kistari kidogo kilicholala chini, mbele ya herufi ya kwanza. Kistari hicho si kufuli. Ukiliita jina la ndani litakuitikia vilevile, na kompyuta haitakukaripia. Ni pazia tu. Lakini yeyote aliyekaa kwenye kazi hiyo hata wiki moja anajua pazia lile linasema nini: humu ni ndani kwangu, naweza kuhamisha mafiga wakati wowote bila kukuarifu, basi usitegemee chungu cha humu.

"Dada Rudaina, mlango wako unanipa saa na dakika tu," Kutaiba alilalamika, mwezi ukikaribia kuandama. "Mimi nataka sekunde. Watu wasimame uwanjani wahesabu pamoja na skrini: tatu, mbili, moja, buum! Wazee watalia."

"Ukitaka sekunde nitakufungulia dirisha," Rudaina akajibu bila kuinua macho. "Ngoja Jumapili, niwamalizie kazi hawa watu wa Karak."

"Jumapili? Hiyo Jumapili mimi si nitakuwa nimeota mvi?"

"Ota tu. Labda zitakuja na akili."

Kutaiba akacheka, akarudi mezani kwake, akaupekua msimbo wa Rudaina, yaani maandishi ya programu yake. Hakuchelewa kuona. Nyuma ya kistari palikuwa na jina la machweo lenye sekunde zake kamili, limejikalia kimya kama asali ndani ya kabati lisilofungwa. Akaliita, likamwitikia. Akalinganisha na saa ya mlangoni, vikapatana kama meno ya juu na ya chini. Akajipiga kifua.

Abu Naufal alipita nyuma yake akiwa na glasi ya chai. "Hizo sekunde umezitoa wapi wewe? Umepita mlangoni?"

"Mjomba, mlango ni wa wageni. Mimi mtu wa nyumbani."

Mjomba akacheka hata chai ikamwagika kwenye suruali, na habari ikaishia hapo. Laiti angelikasirika!

Siku chache baadaye Rudaina alibadilisha mambo ya ndani. Awali hesabu yake ilianzia kwenye jua la Ain Jauza lenyewe. Kwa kuwa Karak, Akaba na miji mingine nayo ilitaka mizinga, aliifanya hesabu ianzie mahali pamoja mbali upande wa mashariki, ambako jua huzama mapema; kisha mlangoni ndipo kila mji unapoongezewa dakika zake. Aliyepita mlangoni hakuona tofauti hata chembe. Rudaina akawatangazia wenzake waziwazi, "Jamani, nimehamisha jiko. Mlango uko palepale."

Kutaiba aliyasikia maneno hayo kwa sikio la kulia yakatokea la kushoto. Akili yake yote ilikuwa kwa Haji Miflih.

Haji Miflih alikuwa na mashamba ya zeituni na binti mmoja, Wijdan, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, ambaye Kutaiba alimpenda hata akasahau njia ya kwao. Haji hakuwa mtu wa kuchezewa. Alijivunia jambo moja kuliko zeituni zake zote: tangu abaleghe, hakuwahi kufungua saumu ya Ramadhani kabla ya wakati wake, hata mara moja, hata siku aliyovunjika mguu. Wachumba wawili alikuwa amekwisha warudisha walikotoka, mmoja kwa sababu alikohoa kwa dharau. Kwa Kutaiba, kwa bahati ambayo hata Kutaiba mwenyewe hakuielewa, moyo wake ulilainika. Akasema wazee wa kijana waje siku ya kwanza ya Ramadhani, wafuturu kwake, na jibu watalipata palepale.

Siku hiyo ya kwanza upepo wa jangwani uliamka vibaya. Vumbi lilifunika vilima, mbingu ikawa rangi ya bizari, na mtu hakuweza kusema jua liko upande gani. Katika sebule ya Haji Miflih wanaume wa pande zote mbili, Abu Naufal akiwamo, walikaa kwenye magodoro kuuzunguka mkeka wa chakula: tende, maji ya ukwaju, supu ya dengu, na nafasi pana iliyoachwa katikati kwa sinia la mansafu, wali na nyama ya kondoo iliyopikwa kwa mtindi. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi, pazia limeteremshwa. Kutaiba, kwa adabu zote, alipokwenda kunawa alipaza sauti kwenye ujia, "Ya Satiri! Ya Satiri!" ili aliye mbele ajisitiri, ingawa mbele hapakuwa na mtu ila paka. Haji alimsikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mara, buum!

Madirisha yakatetemeka. Mkono wa Haji ulikwenda kwenye tende, kisha ukasimama hewani.

"Mbona mapema?" akauliza. Akatazama kalenda ya Ramadhani iliyobandikwa ukutani. "Hii inasema bado zaidi ya nusu saa."

"Na mimi sijasikia adhana!" Bibi Fidda, mama yake Haji, akadakia kutoka nyuma ya pazia. "Masikio yangu ni mazee lakini hayajafa!"

Wageni wakatazamana. Kutaiba akaona bahati imemjia na kiti chake. Akasogea mbele, akakohoa, lakini kwa heshima.

"Ami Haji, kalenda hiyo imepigwa chapa Amman, ni ya kukadiria. Mzinga huu nimeuunga kwa mkono wangu. Unahesabu machweo ya kilima chetu hiki hiki, kwa sekunde. Haujui kukosea."

"Na adhana?" Bibi akang'ang'ana.

"Bibi, upepo huu umebeba mabati ya watu, utaiacha adhana?"

Abu Naufal akaunga mkono, "Haji, mimi nimeujaribu mwenyewe. Ni kama saa ya Uswisi."

Njaa nayo ni wakili mkubwa. Haji Miflih akasema bismillahi, akaitia tende kinywani, akanywa maji. Wote wakamfuata. Supu ikapita, vijiko vikalia. Nje, mtaa mzima ulisikika ukigonga sahani. Kutaiba alihisi amekwisha oa.

Kabla sinia halijaletwa, kahawa chungu ikamiminwa kwenye finjani. Abu Naufal akaipokea ya kwake, wala hakuinywa. Akaiweka chini mbele yake, kama inavyompasa mwombaji. Finjani hiyo haiguswi mpaka mwenye nyumba atamke neno lake. Akisema "Kunyweni kahawa yenu," basi binti ametolewa, na vigelegele huanza kabla mtu hajameza funda la kwanza.

"Haji Miflih," Abu Naufal akasema kwa sauti ya kikao, "tumekuja kwako tukiwa na haja, na wewe si mtu wa kurudisha haja. Tunamtakia mwanetu Kutaiba mkono wa binti yenu. Kahawa hatuinywi mpaka tukusikie."

Nyuma ya pazia bangili zilitikisika. Haji akapapasa masharubu yake, akatabasamu, jambo ambalo wenye umri mdogo hapo hawakuwahi kuliona. Akafungua kinywa.

"Kunywe…"

Neno likakatika.

Upepo ulikuwa umetulia. Dirisha la magharibi, lililokuwa limeziba kwa vumbi, liling'aa ghafla kana kwamba mtu amewasha moto nyuma yake. Na pale, juu ya kilima, likatokea jua. Jua zima! Kubwa, jekundu, la mviringo, kama sinia la keki ya kunafa linalotoka tanurini, tena limesimama kwa starehe, halina haraka ya kwenda popote. Mwanga wake ukaingia sebuleni ukatua kwenye ndevu za Haji, na kwenye ndevu hizo mlikuwa na dengu.

Hakuna aliyetikisika. Mtu mmoja alikuwa na tende nusu nje nusu ndani, akabaki hivyo hivyo kama aliyechongwa. Abu Naufal macho yalimtoka pima. Kutaiba alihisi damu yake inashuka miguuni, inafika kwenye soksi, inatafuta njia ya kutoka.

Halafu mji ukapiga yowe. Lilianzia mtaa wa juu, likateremka paa kwa paa. "Jua! Jua bado lipo! Wallahi tumekula mchana!" Jirani wa mkabala alitoka barabarani na kijiko mkononi, akilielekezea jua kijiko hicho kana kwamba lilimdhulumu. Mwingine, nasikia, alijaribu kuitema supu aliyokwisha imeza.

"Nilisema mimi!" Bibi Fidda akapaza sauti. "Nilisema! Masikio mazee, masikio mazee, haya sasa!"

Haji Miflih aliokota kokwa ya tende aliyokula, akaiweka kiganjani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Tangu nibaleghe," akanong'ona. Wale waliomjua miaka yote walishtuka kuliko walivyoshtushwa na jua. "Tangu nibaleghe, jamani."

"Ami," Kutaiba akaropoka, "si mimi! Kuna mtu amechezea hesabu. Rudaina ndiye mwenye hesabu. Ni yeye amebadilisha!"

"Usimsingizie mtu asiyekuwepo," Haji akasema. "Mpigie. Hapa, mbele yetu, sote tusikie."

Kutaiba akapiga simu, akaifungua sauti, akaiweka kwenye mkeka kati ya vikombe. Moyoni alijua ameokoka. Rudaina angekiri kuwa amebadilisha, na kila kitu kingekwisha.

"Kutaiba!" sauti ya Rudaina ikatoka kabla hata ya salamu. "Umefanya nini wewe? Mlango wangu unasema jua bado. Nimeutazama sasa hivi. Mzinga umeambiwa na nani?"

"Wewe umebadilisha hesabu, kweli si kweli? Sema, Haji Miflih anakusikia."

"Kweli nimebadilisha. Salamu aleikum, Haji. Nimebadilisha ndani, nikawaambia wote. Mlangoni hakuna kilichobadilika. Kutaiba. Umeita jina lipi? La mlangoni au la nyuma ya kistari?"

Kutaiba akalamba midomo.

"Kistari ni kitu gani, binti yangu?" Haji akauliza.

"Ni pazia, Haji. Ndivyo tulivyoelewana watu wa kazi hii. Jina likiwa na kistari mbele yake, ni la ndani ya nyumba ya mwenzio. Hulitumii. Ukitaka kitu, unabisha mlangoni unapewa. Aliomba sekunde, nikamwambia angoje Jumapili."

Haji alikuwa mtu wa haki, akapima pande zote mbili. "Na pazia hilo lina kufuli?"

"Hapana, Haji. Sisi hatufungiani. Tunaaminiana."

Abu Naufal aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Ndipo sauti tulivu ikatoka chumba cha pili. Haikuwa ya Bibi Fidda. "Baba," Wijdan akasema, "samahani kwa kuingilia maneno ya wanaume. Muulize jambo moja tu. Alijua maana ya kile kistari?"

Chumba kizima kikamgeukia Kutaiba. Na hapa, ndugu msomaji, angeweza kujiokoa. Angesema nimekosa, nisameheni. Ramadhani ni mwezi wa msamaha, na siku moja ya saumu hulipika baada ya Idi. Lakini ulimi wake ulizoea kutangulia, ukatangulia.

"Nilijua," akajibu upesi. "Kila mtu anajua. Lakini hakuna kilichonizuia!"

Lo! Hata jua lingeanguka sebuleni, watu wasingeshtuka vile. Kijana ameketi katika nyumba ya watu, mbele yake mwenye nyumba, pembeni yake pazia, nyuma ya pazia mama na bibi na binti wamekaa bila wasiwasi kwa sababu tu watu wana haya. Naye anasema hakuna kilichonizuia! Mzee aliyekaa karibu naye alijivuta akakaa mbali kidogo. Nyuma ya pazia bangili hazikulia tena.

Kutaiba alitazama nyuso moja baada ya nyingine, akitafuta iliyomwelewa. Hakuipata.

"Nimekwisha urudisha mzinga mlangoni," Rudaina akasema taratibu kwenye simu. "Baruti ya akiba ipo. Utalia kwa saa yake, Haji. Utuwie radhi." Akakata.

Haikuwa halali kula wala kunywa mpaka jua lizame kweli. Kwa hiyo walikaa. Mansafu ilikuwa imekwisha pakuliwa, harufu yake ikatembea sebuleni kama mgeni asiyejua kuna msiba. Kahawa ilikuwa kwenye finjani, haigusiki. Jua nalo, mtoto wa haramu, lilishuka polepole kama bibi kizee anayeteremka ngazi. Abu Naufal alimnong'oneza mpwa wake, "Mtu wa nyumbani, eh?" kisha akajifunika uso kwa viganja.

Buum!

Safari hii adhana ikafuata mara moja, kutoka msikiti wa chini na wa juu. Haji Miflih alisema bismillahi. Akala tende mpya, akanywa maji. Kisha akaiinua finjani yake, akainywa kahawa iliyopoa kwa funda moja, akaitikisa kuonyesha ametosheka, akaiweka chini.

Abu Naufal aliitazama finjani yake. Wote waliitazama. Lilibaki neno moja tu, lile lile lililokatika njiani.

"Karibuni chakula," Haji Miflih akasema.

Hilo halikuwa lenyewe. Hata paka alilijua lile lililotakiwa. Abu Naufal alingoja, na Haji hakuongeza kitu. Basi Abu Naufal akajizoa akasimama, akavaa joho lake, na ndugu zake wakasimama naye.

"Ami Haji," Kutaiba akasema kwa sauti iliyopasuka, "ni kosa la hesabu! Kosa la nusu saa tu!"

"La hesabu nimekusamehe, mwanangu," Haji akajibu, wala hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, nayo ilikuwa mbaya zaidi. "Hata saumu yangu nimekusamehe, na wewe hujui umesamehewa nini. Lakini nyumba hii milango yake mingi haina kufuli. Sikupata kuhitaji kufuli. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa na mgeni nikawaza kwenda kununua." Akageukia pazia. "Wijdan, una la kuongeza?"

"Hapana, baba," sauti ikajibu, ikiwa imelowa machozi. "Alijibu mwenyewe."

Kutaiba alitoka akafuata joho la mjomba wake kwenye ngazi za mawe, huku majirani wakichungulia madirishani na vijiko vyao. Nyuma yake, juu ya mkeka, finjani ilibaki imejaa mpaka ukingoni, kahawa yake baridi. Alidhani msimbo wa Rudaina anaujua kwa kuwa uliitika alipouita, na nyumba ya Haji Miflih ni yake kwa kuwa aliandaliwa futari. Kumbe nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.